Nairobi–New York bila kutua: saa 15 za Kenya Airways zinakupa nini hasa

Ukiandika "Nairobi New York" kwenye kikokotoo chochote cha umbali mtandaoni, utapewa kilomita 11,850 hivi, yaani maili 7,360, na chini yake muda wa kuruka wa saa 14 na ushei. Namba ya kwanza iamini. Ya pili usiipangie shughuli. Inapatikana kwa kugawa umbali kwa mwendo wa kilomita 850 kwa saa, kisha kuongeza nusu saa ya kupaa na kutua, kana kwamba juu hakuna upepo, kila nchi imefungua anga yake, na JFK, uwanja wa New York unakotua, hakuna foleni ya ndege. Kwenye ratiba, safari ya Kenya Airways huchukua karibu saa 15 kwenda na karibu saa 14 kurudi. Kama unataka kujua nauli ya ndege hii inalipia nini, anza na saa hizo.

Safari ilizinduliwa tarehe 28 Oktoba 2018, mwaka mmoja na miezi minane baada ya Marekani kuipa Kenya daraja la kwanza la usalama wa anga, Februari 2017. Bila daraja hilo, shirika la Kenya halikuweza kuanzisha safari zake lenyewe za kwenda Marekani. Ndege inayotumika ni Boeing 787-8, maarufu kama Dreamliner, yenye viti 234: 30 vya daraja la biashara na 204 vya kawaida. Wakati wa uzinduzi shirika lilitangaza marubani 4, wahudumu 12 na tani 85 za mafuta kwa kila upande. Ndiyo safari yake ndefu kuliko zote.

Hukumu yetu kwa ufupi: anayekwenda New York yenyewe, New Jersey au Connecticut hana njia ya haraka kuliko hii, na tofauti ya nauli mara nyingi inastahili kulipwa. Anayekwenda Minneapolis, Dallas au Seattle apige hesabu upya, kwa sababu saa alizookoa angani anaweza kuziacha zote kwenye sakafu ya JFK.

Njia yenyewe

Kwenye ramani ya ukutani New York inaonekana iko magharibi, juu kidogo. Ndege haifuati ramani ya ukutani. Inatoka Nairobi ikielekea kaskazini-magharibi, na njia fupi kabisa inapita juu ya Uganda, Sudan Kusini, Jamhuri ya Afrika ya Kati, Chad na Niger, inakata Sahara hadi Algeria na Morocco, inaingia Atlantiki, inagusa visiwa vya Azores vya Ureno, halafu maji matupu hadi pwani ya Marekani. Karibu nusu ya safari, basi, ni juu ya Afrika. Abiria wengi hulala wakidhani watazinduka baharini, na wakifungua skrini ya ramani baada ya saa sita wanakuta bado wako Sahara.

Njia hiyo fupi haipatikani kila usiku. Anga ya Sudan ilifungwa vita vilipozuka Aprili 2023. Niger ilifunga ya kwake Agosti mwaka huohuo baada ya mapinduzi, ikaifungua mwanzoni mwa Septemba. Libya ni ya kuepukwa kwa miaka mingi sasa. Kila kona ya namna hiyo ni dakika kadhaa na mafuta ya ziada, na kikokotoo cha mtandaoni hakina habari nayo.

Kisha kuna upepo. Juu ya Atlantiki ya Kaskazini pepo kali za tabaka la juu huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Kwenda New York ni mbisho, kurudi unasukumwa. Pepo hizo hukaza zaidi majira ya baridi ya kaskazini, Desemba hadi Februari, kwa hiyo ndege ileile, siti ileile, inaweza kukuchosha Januari kuliko Julai. Anayeunganisha ndege nyingine JFK mwezi wa Januari ajiachie nafasi kubwa zaidi. Anayerudi Nairobi mwezi huo asishangae kutua kabla ya muda.

Kwa nini ndege inaondoka usiku

Uwanja wa Jomo Kenyatta uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, na jua likiwaka inakuwa nyepesi zaidi: mabawa yanashika kidogo, injini zinavuta kidogo. Njia ya kurukia ina urefu wa zaidi ya kilomita 4, na bado haitoshi kufuta tofauti hiyo. Dreamliner ya aina hii inaruhusiwa kuruka ikiwa na uzito wa juu kabisa wa tani 228 hivi, na mafuta ya safari hii peke yake ni zaidi ya theluthi moja ya uzito huo. Kuondoka usiku wa manane, hewa ikiwa ya baridi, kunarudisha tani kadhaa ambazo mchana zingebaki chini.

Uzito ukibana, kwa kawaida mzigo wa biashara ndio unaoshushwa kwanza, na hali ikizidi, viti vinaachwa wazi. Kutoka New York shida hiyo haipo kwa kiwango hicho, kwa sababu JFK iko kando ya bahari. Ndiyo maana mizani ya Nairobi haina huruma. Begi la kilo 23 ni kilo 23. Ukiwa na kilo 25 utalipia au utafungua begi mbele za watu na kuhamisha mitandio. Nauli nyingi za kwenda Marekani zina mabegi mawili ya kilo 23 kwa daraja la kawaida, lakini nauli za chini kabisa zinaweza kuwa na moja tu. Soma mstari wa mizigo kwenye tiketi kabla ya kuingia sokoni kununua unga.

Tarehe na saa

Makosa mengi ya safari hii hutokea kwenye kalenda, si angani. Ndege inaondoka Nairobi muda mfupi kabla ya saa sita usiku. Tiketi ikisema 23:55 tarehe 10, unatakiwa uwanjani jioni ya tarehe 10. Ratiba ikisogezwa mbele kidogo, tuseme 00:20 tarehe 11, bado ni usiku wa tarehe 10 kuamkia 11. Ukienda usiku wa tarehe 11, ndege yako ilishatua New York asubuhi hiyo. Mwombe wakala akuandikie siku ya wiki pamoja na tarehe: "Jumanne usiku kuamkia Jumatano". Ratiba husogezwa kila msimu, kwa hiyo thibitisha tena wiki moja kabla.

New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa 8 majira ya baridi na saa 7 majira ya joto. Marekani husogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba, ila Kenya haisogezi. Wiki hizo mbili ndizo zinazowachanganya wanaokuja kupokea wageni. Kwa mfano, mgeni akitua saa moja asubuhi ya New York mwezi Januari, Nairobi ni saa tisa alasiri. Mwili wake umekesha na sasa uko alasiri, na mji ndiyo kwanza unaamka. Kinachosaidia ni kujikaza hadi saa mbili au tatu usiku wa huko, ukikaa nje kwenye mwanga kadiri unavyoweza. Ukilala saa nne asubuhi, utaamka jioni na kukesha siku nne.

Na kwa kuwa ndege inakimbia kuelekea magharibi, usiku unakimbia nayo. Mwezi Januari karibu safari yote ni giza, na jua la New York huchomoza baada ya saa moja asubuhi. Kwa usingizi ni neema. Kula ukiwa nyumbani au uwanjani mapema, kwa sababu chakula cha kwanza ndani huja wakati ambao mwili ungependa uachwe ulale.

Ndani ya ndege

Sifa za Dreamliner kwa safari ndefu ni za kweli. Hewa ndani yake hubanwa kama uko futi 6,000 juu ya usawa wa bahari, wakati ndege nyingi za zamani hufika 8,000, na unyevu wake ni mkubwa kidogo. Kwa mkazi wa Nairobi futi 6,000 ni kama nyumbani na ngazi chache juu yake. Mtu wa Mombasa au Dar es Salaam ataona tofauti zaidi: koo kukauka, mguu kuvimba, gesi tumboni. Anywe maji, apunguze soda na maharage siku hiyo, na avae soksi za kubana miguu. Kuganda kwa damu kwenye miguu ni hatari inayoongezeka safari ikizidi saa 4, seuze 15. Mjamzito, aliyefanyiwa upasuaji karibuni au aliyewahi kuganda damu amwone daktari kabla ya kukata tiketi.

Viti vya kawaida vimepangwa tatu-tatu-tatu, na hapa ndipo ndege inapopoteza alama. Kwa safari ya saa 5 mpangilio huo unavumilika. Kwa saa 15, mtu mwenye mabega mapana aliyeketi katikati anateseka, na hakuna mto utakaobadilisha hilo. Chagua kiti cha kando ya njia kwenye fungu la kati: huko abiria wa kati ana pande mbili za kutokea, kwa hiyo nusu ya safari zake za chooni hazikuhusu. Dirishani ni pazuri kwa anayelala mfululizo. Madirisha hayana pazia la kushusha. Kuna kitufe kinachotia kioo giza, na wahudumu wanaweza kuyatia giza yote kwa pamoja, kwa hiyo usitegemee kutazama nje muda wote. Safu za mwisho ziepuke: milango ya vyoo, taa ya jikoni na foleni ya watu waliosimama kunyoosha miguu karibu na sikio lako.

Daraja la biashara lina viti vinavyolala bapa kabisa, na kwa safari hii usingizi wa kweli ni kitu cha kulipia. Kasoro yake ni mpangilio wa mbili-mbili-mbili: aliye dirishani lazima aruke miguu ya jirani. Ukisafiri peke yako chukua jozi ya katikati, ambako kila mmoja ana njia yake. Mashirika ya Ghuba yanayoshindania abiria haohao yameshaanza kuhama kwenye mpangilio huo, na kwa bei ya daraja hili ni haki kulalamika.

Nairobi: kabla ya kupanda

Panga kufika saa 3 hadi 4 kabla. Barabara ya Mombasa jioni haitabiriki. Barabara ya juu ya kulipia iliyofunguliwa mwaka 2022 inaokoa muda mwingi kutoka Westlands na katikati ya jiji, lakini foleni ya ukaguzi wa kuingia uwanjani haiepukiki.

Abiria wa Marekani wana ukaguzi wa ziada. Utaulizwa nani alipanga mabegi yako, umepewa chochote na mtu, unakwenda kwa nani. Jibu kifupi na kwa ukweli. Kisha kuna ukaguzi mwingine karibu na mlango wa kupandia. Maji uliyonunua ndani huenda yakatupwa hapo.

Jambo linalowashangaza wengi ni unga. Tangu tarehe 30 Juni 2018, kitu chochote cha ungaunga kinachozidi mililita 350, ujazo wa kopo moja la soda, kikiwa kwenye mkoba wa mkononi kuelekea Marekani kinaweza kuchunguzwa zaidi na kunyang'anywa. Unga wa ugali, uji wa wimbi, pilau masala, hata poda ya mtoto: vyote begi la chini. Chai na kahawa iliyokaangwa havina shida forodhani. Nyama ya aina yoyote, hata iliyokaushwa, maembe, parachichi na mbegu za kupanda ni matatizo. Kanuni ni kutangaza kila chakula. Ukitangaza kitu kisichoruhusiwa kinachukuliwa na unaendelea na safari, lakini ukificha, faini inaweza kufika dola 1,000 hata kwa kosa la kwanza. Tunda ulilolinunua Nairobi lile kabla ya kutua. Na miraa, ambayo Kenya ni zao halali, Marekani inahesabiwa miongoni mwa dawa za kulevya. Usibebe hata jani, wala usikubali kubebeshwa bahasha ya mtu.

Wanaotoka Dar es Salaam, Entebbe, Kigali au Bujumbura wanaunganisha Nairobi. Dar hadi Nairobi ni kama saa 1 na dakika 15. Muunganiko ukiwa kwenye tiketi moja, begi hupitilizwa. Hakikisha lebo inaandika JFK au mji wa mwisho. Ukikata tiketi mbili tofauti kuokoa pesa, ndege ya kwanza ikichelewa hakuna anayewajibika kukusubiri wala kukupa nafasi ya kesho.

JFK: saa zinapoliwa

Kila anayeingia Marekani hupitia uhamiaji na forodha kwenye uwanja wa kwanza anaotua, hata kama safari inaendelea. Lebo ya begi inaweza kuonyesha MSP kwa ajili ya Minneapolis, na bado utalichukua kwenye mkanda pale JFK, utapita nalo forodhani, kisha utalikabidhi tena upande wa pili. Anayesimama upande mwingine akisubiri begi lake Minneapolis atasubiri sana. Baada ya hapo unapita ukaguzi wa usalama upya, na huenda ukalazimika kuhamia jumba lingine kwa treni ya AirTrain, ambayo ni bure kati ya majumba.

Kwa muunganiko wa ndani, saa 3 ni kiwango cha chini tunachokubali. Mgeni wa mara ya kwanza mwenye viza mpya aweke 4, kwa sababu anaweza kupelekwa chumba cha maswali ya ziada bila kosa lolote. Na usikubali tiketi inayokutua JFK kisha inakuondoa LaGuardia au Newark. Hivyo ni viwanja vingine kabisa, vya kufikiwa kwa gari, na Newark iko jimbo jingine.

Kwenda mjini: teksi ya manjano kutoka JFK hadi Manhattan ina bei moja ya msingi ya dola 70, na juu yake ushuru wa barabara, tozo ndogondogo na bakshishi. Wanaokuita kwa sauti ya chini ndani ya jengo, "taxi, taxi", si teksi rasmi. AirTrain hadi Jamaica au Howard Beach inalipiwa wakati wa kutoka, kisha unapanda treni ya chini ya ardhi: E kutoka Jamaica, A kutoka Howard Beach. Ukiwa na mabegi mawili ya kilo 23 na ngazi za stesheni za New York, fikiria mara mbili.

Ukilinganisha na njia nyingine

Kupitia Doha, unaruka kilomita 3,350 kwenda kaskazini-mashariki, kisha 10,770 hadi JFK: jumla 14,120, zaidi ya kilomita 2,200 za ziada. Dubai ni ndefu zaidi, karibu 14,580. Njia zote mbili zinaanza kwa kukupeleka mbali na unakokwenda, na mkono wa pili ni wa saa 14 na kitu, karibu sawa na safari nzima ya moja kwa moja. Jumla hushuka kwa nadra chini ya saa 21. Unachopata ni ndege kubwa, bei ya ushindani na miji mingi ya Marekani inayofikiwa bila kugusa JFK. Kwa anayekwenda Houston, Dallas au Seattle hilo ni jambo zito: anapita uhamiaji mjini kwake na begi lake linamsubiri hapohapo.

Amsterdam inashangaza. Nairobi–Amsterdam ni kilomita 6,680 na Amsterdam–New York 5,850, jumla 12,530, kilomita 700 tu zaidi ya njia ya moja kwa moja. Iko karibu njiani, na inakata safari vipande viwili vya saa 8 hivi. Kwa mzee mwenye magoti mabaya au mama mwenye mtoto mchanga, vipande viwili vyenye sehemu ya kutembea katikati vinaweza kuwa afadhali kuliko saa 15 za kukaa. Angalizo ni hati: mwenye pasipoti ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kwa mfano, huhitaji viza ya kupita kwenye viwanja vya nchi za Schengen, kundi la nchi za Ulaya zenye viza moja, Uholanzi ikiwemo, isipokuwa ana msamaha, kama vile viza halali ya Marekani. London nayo ina orodha yake ya pasipoti zinazodaiwa viza ya kupita, ndefu zaidi. Thibitisha kabla ya kulipa, si kwenye kaunta.

Kwa nauli, tunapendekeza hesabu moja. Chukua tofauti ya bei kati ya moja kwa moja na ya kuunganisha, igawe kwa saa unazookoa hadi mlango wa mwisho, si hadi JFK. Kwa Manhattan mara nyingi utaokoa saa 6 au zaidi. Kwa Seattle unaweza kukuta mbili, au sifuri.

Safari ya kurudi huondoka New York mchana na kutua Nairobi asubuhi ya kesho yake, usiku ukiwa mfupi na usingizi mgumu zaidi. Usipange kikao siku hiyo. Wenye pasipoti ya Marekani, wakiwemo wazaliwa wa Kenya waliobadili uraia na hawajarejesha wa Kenya, wanahitaji eTA, kibali cha kuingia Kenya kilichoanza Januari 2024, na kinaombwa mtandaoni kabla ya kupanda. Mifuko ya plastiki ya madukani itoe kwenye begi kabla ya kutua: Kenya imeipiga marufuku tangu tarehe 28 Agosti 2017.